Mifugo ya Karatasi ya Akuwam

Mwaka ule wa 1996, ukifika Lodwar ukauliza maktaba iko wapi, nawe ungeulizwa: ya kusoma ama ya kutazama? Ya kusoma ilikuwa na viti, karani na kengele ya kufungia. Ya kutazama ilikuwa ya Akuwam.

Ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka lake la vikapu, kwenye njia iteremkayo mto Turkwel. Mlikuwa na rafu mbili za mbao, sanduku la chuma na mkeka wa majani ya mkoma. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya sanaa tu: vikapu, shanga, vinyago, milango iliyochongwa, michoro ya mapangoni, nguo za watu wa mbali. Kiingereza Akuwam hakukijua. Kiswahili alikisoma kwa kujikongoja, jinsi alivyofundishwa katika darasa la watu wazima, kidole kikitangulia na midomo ikifuata. Lakini mpe picha ya kikapu cha nchi yoyote, atakuambia aliyekisuka alianzia wapi, alichoka wapi, na wapi alimwachia mwenzake amalizie.

Wala asidhani mtu kwamba vitabu hivyo alipewa kwa huruma. Alividai.

Mumewe, Nanok, alikuwa mchongaji wa ekicholong, kile kigoda cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Mwaka 1984 alikuja mpiga picha mgeni. Akakaa siku tatu, akala mbuzi wao, akampiga picha Nanok akichonga, akakipiga picha na kigoda chenyewe, kisha akaondoka akiahidi kuwaletea kitabu. Nanok alikufa kwa malaria mwaka uliofuata, akiwa bado anaulizia posta. Kitabu kilifika mwaka 1987, kizito kama jiwe la kusagia mtama. Akuwam akafunua kurasa mpaka akakiona kile kigoda, kimejaa ukurasa mzima na kung'aa kuliko kilivyopata kung'aa duniani. Akakibeba mkononi mpaka kwa mwalimu wa darasa lake, amsomee yale maandishi madogo ya chini.

Mwalimu alisita, kisha akamtafsiria: "Kigoda cha Waturkana. Mchongaji hajulikani."

"Hajulikani na nani?" aliuliza Akuwam.

Siku hiyo hiyo Akuwam alinunua kalamu ya wino, akaandika pembeni ya picha kwa herufi zake kubwa zilizopinda: NANOK. Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha maktaba yake.

Tangu hapo akaweka sheria. Mtu akitaka kupiga picha vikapu vya akina mama pale dukani, ataacha jina na anwani, na kitabu kikitoka, kimoja ni cha Akuwam. Waliokubali na wakasahau aliwaandikia barua kila Krismasi mpaka wakachoka wao. Watalii wengine alibadilishana nao, kikapu kikubwa kwa kitabu, hata kama kitabu ni cha vyungu vya Wachina. Na kila kitabu kilichoonyesha kitu cha nchi ile na kuandika kwamba aliyekitengeneza hajulikani, Akuwam alifunga safari. Alikwenda mpaka Kerio, akakaa na wazee wa kule kutwa nzima, ili tu apate jina la bibi mmoja aliyeshona sketi ya ngozi iliyoko ukurasa wa sitini.

Lipo kosa moja alilolifanya mwanzoni, ambalo Lodwar nzima ililicheka mwaka mzima. Alitaka vitabu vyake vijulikane. Kwao mnyama hujulikana kwa chapa ya ukoo, inayochomwa kwa chuma cha moto. Naye akawaza kwamba ng'ombe ana ngozi, kitabu nacho kina jalada, kuna tofauti gani? Akapasha chuma chenye chapa ya ukoo wa mumewe, nusu duara linalopitwa na mstari, akakibandika juu ya jalada zuri la kung'aa. Jalada likayeyuka. Moshi ukatoka mlangoni, kurasa nne zikagandana, na majirani wakaja mbio na ndoo za maji wakidhani duka linaungua.

"Akuwam sasa anachoma vitabu," walisema.

Mwingine angeacha. Yeye alijaribu tena na tena kwenye magazeti ya zamani mpaka akajua namna. Unakifunga kitabu kwa kamba, kinabana kabisa, kisha unagusa kwa chuma ubavuni, pale penye ncha za kurasa zote, na kuondoa kabla hujavuta pumzi. Chapa ikatulia, ya hudhurungi, safi. Tangu siku hiyo ukikiona kitabu chenye ile nusu duara, hata kama kimelala sokoni Lokichar, unajua ni cha nani.

Na vililala kweli kila mahali, maana Akuwam hakuviweka rafuni. Alipokuwa msichana, wavamizi walichukua mifugo yote ya baba yake asubuhi moja. Yote iliyokuwa zizini, yaani. Lakini baba alikuwa amewakopesha marafiki zake, huku ng'ombe, kule mbuzi saba, kwingine ngamia anayenyonyesha, na kwa hao walioko mbali ndipo nyumba iliposimama tena. Funzo hilo halikumtoka. Aliye na mali zizini kwake peke yake, kwa Akuwam, huyo bado ni maskini. Kwa hiyo vitabu vyake aliviazima: kwa mafundi wa nguo, kwa wachora mabango, kwa akina mama wa shanga, na tangu mwaka 1993, alipoanza kupeleka vikapu Kakuma, kwa wakimbizi wa kambini.

Hapo ndipo tulipo, na hapo ndipo mkasa ulipoanzia.

Shirika moja la sanaa la Nairobi lilikuwa na masanduku sita ya vitabu vya sanaa kutoka ng'ambo. Yangekwenda mahali pamoja tu huko kaskazini, penye maktaba inayostahili. Mwalimu alimsaidia Akuwam kuandika barua, na katika barua hiyo mwalimu akataja vitabu tisini na kimoja. Shirika likajibu kwamba litamtuma mtu kukagua. Akuwam aliyataka masanduku yale kuliko alivyopata kutaka kitu tangu Nanok afe. Kule kambini alikuwapo kijana mchoraji, Mawien, aliyemwomba vitabu vya kuchora watu kwa miaka miwili, naye alikuwa amemwambia, ngoja, vinakuja.

Barua ya kutaja siku ya ukaguzi ilichelewa njiani. Mkaguzi akaitangulia.

Aliitwa Stephen, kijana nadhifu, viatu vyake bado vinang'aa licha ya vumbi la Lodwar. Alisimama katikati ya chumba cha mabati, jasho likimtiririka, akatazama rafu. Palikuwa na vitabu tisa.

"Ejok, kijana yangu," Akuwam alimwamkia. "Karibu. Kaa kwa mkeka."

"Shikamoo, Mama. Natafuta mkutubi."

"Ndiyo mimi."

"Barua yenu ilisema vitabu tisini na kimoja."

"Hiyo ni mwalimu alisema. Mimi hapana hesabu mifugo, kwetu ni mwiko."

Stephen akafuta jasho. "Basi vingine viko wapi?"

"Iko malisho."

Kijana alimtazama kuona kama anataniwa. Hakutaniwa. Akaomba rejista, daftari la waazimaji, karatasi yoyote. Akuwam akafumba macho, akaanza kutaja jinsi mfugaji anavyotaja ng'ombe wake, kwa rangi na kasoro. "Ile nyeusi ya doa nyeupe kwa paji, iko kwa Atiir, fundi wa nguo. Ile nyekundu ya kuvunjika mgongo, iko kwa mwalimu. Ile ya kijani ya kukosa sikio, panya alikula, iko Kerio kwa watu ya samaki. Ile kubwa ya rangi ya majivu, na ndogo yake, na ile ya madoa madoa..."

"Mama," Stephen alimkatiza kwa upole, "mali bila daftari hupotea bila habari."

"Hiyo ni mali ya duka, inakaa kwa rafu. Yangu iko na miguu."

Lakini Stephen hakucheka. Akamweleza wazi, na kwa adabu, jambo ambalo ilibidi amweleze. Ripoti yake ilitakiwa Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumanne. Kulikuwa na mji mwingine uliokuwa ukiyangoja masanduku yale, wenye chumba cha saruji na kabati za kioo. Hawezi kupeleka masanduku sita kwenye rafu tupu, halafu mwaka ujao aulizwe vimekwenda wapi.

Akuwam aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hasira. Miaka tisa ya kudai, kubadilishana, kusafiri, leo anaonekana mwanamke aliyetapanya. Akainuka, akajifunga shuka begani.

"Nipe leo na kesho," alisema. "Nitakuonyesha zizi."

Mfugaji akiita mifugo yake hatumi barua. Akuwam alitoka nje, akamwambia Atiir, fundi mwenye cherehani kando ya barabara. Atiir akawaambia wateja wake, wateja wakawaambia wa sokoni, na utingo wa lori la samaki akapewa ujumbe wa kuupeleka Kerio. Akuwam anaita vitabu. Kabla jua halijalegea, watu wakaanza kuja. Atiir alikuja na kile cheusi cha doa jeupe, kimefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Mchora mabango alileta vitatu, vidole vya rangi vikiwa vimeacha alama kila ukurasa. Mama mmoja wa shanga alikuja na kitabu kichwani, chini ya mtungi wa maji. Mwalimu alileta kile chekundu kilichovunjika mgongo, ameupiga mgongo gundi. Asubuhi ya Jumatano, lori la samaki lilirudi na kile cha kijani, kikinuka sangara mpaka barabarani.

Stephen alihesabu, maana yeye alikuwa na haki ya kuhesabu. Pamoja na vile tisa, vilikuwa arobaini na saba.

"Ni nusu, Mama," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na masikitiko ya kweli. "Hivyo vingine?"

"Kakuma. Kambini."

Stephen akashusha kalamu. "Kambini? Mama, karatasi kambini ni ya kufungia sukari. Ni ya kuwashia moto. Watu wana shida kubwa kuliko picha."

Na ukweli lazima usemwe: Akuwam naye aliingiwa na hofu. Miezi minane hakuwa amekwenda Kakuma, kwa sababu ya goti. Katika miezi minane watu wa kambini huhamishwa, hurudi kwao, hufa. Usingizi wake usiku ule ulikuwa wa mang'amung'amu.

Hata hivyo Stephen alikubali kwenda kujionea, na Alhamisi alfajiri waliondoka kwa gari lake, katikati ya msafara unaosindikizwa na polisi kwa kuhofia majambazi. Akuwam alikaa mbele, mikono mapajani, mpaka walipovuka laga ya Tarach, ule mto wa mchanga mkavu, na kuyaona mabati na maturubai ya kambi yakimetameta kwenye jua.

Mawien walimkuta juu ya ngazi, anaandika jina la duka la Msomali ukutani. Alikuwa mrefu kiasi kwamba ngazi ilikuwa ya heshima tu. Alitoka Sudani akiwa na umri wa kuchunga ndama, na kwa sheria za kambi hakuweza kutoka bila kibali; kwake Lodwar ilikuwa mbali sawa na Juba. Alipomwona Akuwam akateremka, akainama kumpa mkono.

"Mama! Salam taki! Sisi tulisema Mama amekufa."

"Bado. Mifugo yangu iko?"

Mawien alimtazama Stephen, akayatazama viatu vyake na kalamu yake, akaelewa. "Iko," alisema. "Njoo."

Nyumba yake ilikuwa ya udongo na turubai. Akachimbua pembeni ya ukuta na kuvuta sanduku la bati, lililowekewa majani ya mwarobaini ili mchwa wasisogee. Ndani kila kitabu kilikuwa kimevaa nguo yake, kitambaa kilichofumwa maua na ndege. Aliyevifuma alikuwa Nyanut, mwanamke wa jirani anayetarizi milaya, yale mashuka ya harusi ya watu wa Sudani. Nyanut mwenyewe alisimama mlangoni, akitazama kama mama anayetazama wanawe wakipimwa hospitali.

Stephen alipiga magoti. Akavua kitabu kimoja kimoja, akaangalia chapa ubavuni, akakivika tena. Vilipokwisha, akahesabu upya.

"Arobaini na tatu," alisema. "Vilitakiwa viwe arobaini na vinne."

Mawien aliinamisha kichwa. "Mama, moja nimepoteza. Ile ya manjano. Jirani yetu Gatjang alipata ndege ya kwenda Amerika, akaenda nayo ndani ya nguo. Alisema hawezi kwenda bure bure, bila kitu."

Akuwam akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka Nyanut naye akacheka mlangoni.

"Amerika!" alisema. "Baba yangu mifugo yake ilifika Uganda tu."

Stephen alitabasamu, lakini kalamu yake ilikuwa bado juu ya fomu, haijaandika. Ndipo Mawien aliposema, kwa sauti ya chini, akimtazama Akuwam na si mkaguzi, "Na kuna ndama."

"Ndama gani?"

Akavuta sanduku la pili. Ndani yake mlikuwa na vitabu ambavyo Akuwam hakuwahi kuviona. Vilikuwa madaftari ya shule, mawili matatu yameshonwa pamoja kwa uzi wa kutarizia, majalada yake yamekatwa kwenye makatoni ya mafuta ya msaada. Vilikuwa kumi na saba. Kimoja kilikuwa cha milaya, ua kwa ua, jinsi ya kuanza na jinsi ya kufunga. Kimoja kilikuwa cha ng'ombe wa udongo wanaofinyangwa na watoto. Kimoja kilikuwa cha shanga za Kiturkana, kimechorwa na msichana wa Kidinka aliyekwenda kukaa na akina mama wa mjini Kakuma mwezi mzima. Mawien na wenzake walikuwa wamevitazama vitabu vya Akuwam mpaka wakajua kitabu kinavyotengenezwa, kisha wakatengeneza vyao.

Na chini ya kila mchoro palikuwa na jina. Nyanut. Ajak. Abul, mtoto wa miaka saba, aliyefinyanga fahali mwenye pembe moja.

"Kwa nini kila picha ina jina la mtu?" Stephen aliuliza.

Mawien alishangaa swali lenyewe. "Si ndiyo sheria ya kitabu? Kitabu zote za Mama, mtu ameandika jina kwa kalamu. Sisi tulisema, kumbe kitabu bila jina haijaisha."

Stephen alichukua kile kilichokuwa juu kabisa, kikubwa, cha Mawien mwenyewe, akafungua ukurasa wa kwanza. Palichorwa kigoda kwa penseli, kimekaa peke yake mchangani, na kila pigo la tezo likionekana. Stephen akasoma maandishi ya chini kwa sauti.

"Ekicholong. Mchongaji ni Nanok, wa Lodwar, mume wa Akuwam."

Nje mashine ya kusagia ilikuwa ikinguruma. Akuwam alisogea, akaweka kidole kwenye ukurasa, akakipitisha juu ya herufi moja moja. Machozi yalimjaa machoni, na hakuyafuta. Moyo wake ulijaa fahari hata ukamwuma. Wageni walikula mbuzi wa Nanok wakamsahau jina. Vijana wasiowahi kumwona, waliofukuzwa kwao kwa bunduki, walimwandika ukurasa wa kwanza.

"Soma tena," alisema.

Stephen akasoma tena.

Kisha Mawien akamsukumia lile sanduku la ndama. "Zako, Mama. Piga chapa."

"Hapana," alisema Akuwam. "Ndama ya kwanza ni ya mchungaji. Hiyo kubwa ni yako, hata usiniazime. Hizi zingine nitachukua nusu, na nusu itabaki hapa na mama zao."

Stephen alirudi kwenye fomu yake. Ilikuwa na safu tatu: vilivyopo, vilivyoazimwa, vilivyopotea. Akajaza ya kwanza na ya pili. Kwenye ya tatu akaandika moja, akafikiri, akaandika pembeni yake: Amerika. Halafu akakwama, kalamu hewani.

"Hivi kumi na saba nitaviandika wapi, Mama?"

"Andika imezaa."

Kijana akatoa rula mfukoni, akapiga mstari kwa uangalifu, akaongeza safu ya nne.

Masanduku sita yalifika Lodwar mwezi wa Juni, na Stephen aliyaleta mwenyewe, viatu vyake safari hii vimekubali kuwa vya rangi ya vumbi. Alikuta moto umewashwa nyuma ya duka. Atiir anafunga vitabu kwa kamba, mwalimu anavipokea, na Akuwam, shuka kiunoni, anagusa ubavu mmoja baada ya mwingine kwa chuma, haraka, bila kukosea hata mara moja. Harufu ya karatasi iliyoungua ilifika mpaka sokoni, na hakuna aliyekuja na ndoo ya maji.

Mchana basi la Lokichoggio liliposimama, Stephen aliona masanduku matatu yakipandishwa juu ya paa, kwenda Kakuma. Akatoka mbio dukani.

"Mama, subiri kwanza! Hata rafuni havijakaa siku moja!"

Akuwam alikuwa amesimama kando ya barabara, kiganja juu ya macho, akilitazama basi likiondoka.

"Ikikaa kwangu, kijana yangu," alisema, "itazaa na nani?"